Bibi Tuliyemzika kwa Macho

Bibi mzaa baba alifariki mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño zikiwa zimeujaza mto Rufiji mpaka hujui kingo zake ziko wapi. Yeye alikuwa upande wa kaskazini, sisi upande wa kusini. Habari aliileta mvuvi mmoja aliyevuka kwa mtumbwi jioni ile. Alipofika kwetu alikaa chini kwenye matope, akasema harudi ng'ambo hata kwa dhahabu. Magogo yanashuka na mkondo, alisema, makubwa kama vibanda, na viboko wamezagaa mpaka kwenye mashamba ya watu. Pantoni ilikuwa imefungwa kwa minyororo siku kadhaa, gati lenyewe likiwa chini ya maji.

Baba alimuuliza maswali mawili tu. Amefariki saa ngapi, na wanazika lini. Amefariki alfajiri, mvuvi akajibu, wanazika kesho baada ya adhuhuri. Wamekubali kumlaza usiku mmoja, labda maji yatapungua ufike. Na baba mdogo ametuma neno: jeneza likitoka atatundika shuka jeupe kwenye mti pale ukingoni, mpate kujua.

Kwetu maiti haikai. Anayejua dini yetu anaelewa kwamba kumlaza mama yao usiku mzima halikuwa jambo dogo kwao, na baba alilielewa vizuri zaidi kuliko yeyote. Hakulala. Nilimsikia usiku akitoka mara tatu, nne, kwenda kutazama kijiti alichokuwa amekichomeka kwenye ukingo wa maji. Alfajiri kijiti kilikuwa hakionekani tena.

Kesho yake tulisimama kwenye kichuguu, wanaume wa kijiji na sisi watoto wakubwa kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mbele yetu maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kishindo kizito cha chini chini, na ng'ambo yake palikuwa mstari wa miti tu, mwembamba kama uzi. Tukakodoa macho. Baada ya muda kijana mmoja akasema, kile pale, cheupe. Mwingine akasema lile si shuka, yule ni yangeyange ametua mtini. Wakabishana kwa sauti ya chini. Baba hakuchangia. Alikitazama kile kitu cheupe muda mrefu, kisha akavua viatu, akamgeukia mwalimu wa madrasa, akamwambia, "Mwalimu, tusali."

Tukapanga safu pale pale kwenye tope, tukamsalia Bibi sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti aliye mbali. Siku ile hakuna aliyejua kama tulimsalia shuka lilipopanda au ndege alipotua.

Msomaji asiyetoka huku atashangaa familia moja ikaaje imegawanywa na mto wa namna hiyo. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wazee wetu waliishi bondeni kwenyewe, katikati ya maji na mashamba. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya miti, na mafuriko yalipokuja mtumbwi uliegeshwa chini ya kitanda. Maji yalipoondoka yaliacha udongo mweusi, wakapanda mahindi ya mlau humo bila kusubiri mvua. Mto ule hukusanya maji ya nchi za mbali, Ruaha Mkuu kutoka Mbeya na Iringa, Kilombero, Luwegu, kwa hiyo kwetu jua laweza kuwa linawaka na mto ukawa unapanda. Wazee waliyajua hayo na walikuwa na hesabu zao. Lakini mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa mno, na mwaka uliofuata ikaja Operesheni Rufiji. Watu wakatolewa bondeni na kupelekwa vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu, wengi wao upande wa kaskazini. Bibi alikwenda na watoto wake wadogo. Baba alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, akabaki kusini kwa wajomba zake kuangalia mashamba, akaoa huku, akajenga huku. Hakuna aliyeamua kutengana. Kila mmoja alikwenda alikopangiwa, na mto ukabaki katikati.

Na mto ulilisha nyumba yetu, hilo lazima niliseme pia. Magari ya Lindi na Mtwara yalikuwa yanavukia kivuko cha Ndundu, na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zaidi ya 550, kwa hiyo fikiria wingi wa watu waliokuwa wanakwama kwenye ukingo mmoja kusubiri pantoni moja. Ikiwa nzima ulisubiri saa kadhaa. Ikiharibika, au maji yakijaa, au yakipungua ikakwama kwenye mchanga, ulisubiri siku. Mama alikuwa mama lishe pale. Wali na kambale wa nazi, asubuhi chai na mihogo. Sufuria yake kubwa ilikuwa na kovu ubavuni, mahali ilipozibwa na fundi kwa bati la mkebe wa maziwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kuisugua kwa mchanga wa mtoni mpaka lile kovu ling'ae.

Usiku magari yalipojaa, abiria walilala popote. Waliokuwa na watoto mama aliwaleta nyumbani. Alikuwepo dada mmoja wa Kilwa, ana mtoto mchanga wa wiki tatu, alikaa kwetu siku nne. Mama alimkanda, akampikia uji, akamfundisha kumbeba mtoto vizuri maana alikuwa mzazi wa mara ya kwanza. Tangu hapo, kila msimu wa korosho ulipofika, utingo wa basi alishuka kwenye foleni na kifurushi kimeandikwa jina la mama. Miaka minne mfululizo. Mimi nilikua nikidhani watu wote duniani hujuana kwa namna hiyo, kwa kukwama pamoja.

Daraja likaanza kujengwa. Rais wa wakati ule, Benjamin Mkapa, alikuwa mtu wa Masasi, mtu wa kusini, na wazee wa kwetu walisema hakuna haja ya kumweleza habari za pantoni. Vijana walipata vibarua. Nami nilibeba kokoto miezi michache, nikaona nguzo zinavyoshuka ndani ya mto ule ambao tuliuogopa hata kuutaja usiku. Mwaka 2003 likafunguliwa: mita 970, likaitwa Daraja la Mkapa.

Baba hakwenda siku ya sherehe. Alisubiri watu wapungue, wiki iliyofuata akaniambia, "Twende." Alivaa kanzu na koti lake la Idi. Gari la jirani lilitaka kutubeba, akakataa, akasema atavuka kwa miguu yake.

Tulitembea upande wa kushoto, polepole. Mwanzoni alikuwa anaongea, ananionyesha pale palikuwa shamba la mjomba, pale mamba alimkamata ng'ombe wa fulani. Tulipofika katikati akanyamaza. Akaweka mkono kwenye ukingo wa daraja, akachungulia chini. Ilikuwa kiangazi, maji yamekaa kimya, visiwa vya mchanga vimejitokeza, na mvuvi mmoja alikuwa anasukuma mtumbwi wake kwa upondo kama mtu anayetembea na fimbo. Baba alimtazama mpaka akapita chini yetu na kutokea upande wa pili. Kisha tukaendelea. Tulipokanyaga nchi kavu akageuka nyuma kutazama tulikotoka, akasema neno moja tu, "Kumbe."

Ilituchukua kama robo saa.

Kaburini alikaa zaidi ya saa nzima. Aling'oa majani kwa mikono. Baba mdogo alikuja akakaa pembeni yake, na hapo ndipo nilipotegemea kwamba baba angeuliza habari za lile shuka. Hakuuliza, na baba mdogo hakusema. Nadhani kila mmoja alikuwa anamhifadhi mwenzake.

Miaka iliyofuata ilinifundisha mambo ambayo siku ile sikuyaona. La kwanza ni kwamba daraja bila barabara ni nusu ya daraja. Kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga zilibaki udongo miaka mingi, na masika magari yaliyokuwa yamevuka mto kwa dakika moja yalilala kwenye tope siku mbili. Watu wakasema afadhali pantoni, pale angalau kulikuwa na wali. Lami ilipokamilika ndipo safari ya kusini ilipokuwa safari kweli: unaondoka Mbagala asubuhi, jioni unakula Mtwara.

Jingine lilitugusa nyumbani. Kivuko kilipokufa, kijiji cha kivuko nacho kikafa. Sikutarajia kwamba kingekwenda haraka namna ile. Wenye vibanda waliondoka kwanza, wakafuata wachuuzi wa samaki, ukabaki mti mkubwa wa mkungu na mawe ya mafiga yaliyozungukwa na nyasi. Hakuna aliyetuuliza sisi tuliokuwa tunaishi kwa watu kusubiri pantoni tutaishi na nini. Sisemi kwamba daraja lisingejengwa. Anayesema hivyo hajawahi kusimama kwenye kile kichuguu. Nasema waliokuwa wanakula kwenye foleni walistahili kufikiriwa, hata kwa kupewa viwanja kwenye stendi mpya, na hawakufikiriwa. Mama alihama na sufuria yake, akajaribu kando ya barabara kuu, lakini basi likishavuka mto halina sababu ya kusimama. Linapita, upepo wake unazima moto. Na korosho za Kilwa hazikuja tena. Yule dada hakusahau, naamini hivyo. Utingo hana mahali pa kushuka, basi.

Mama alikuja kusimama tena baada ya kuungana na wanawake wengine watano kulima mpunga bondeni. Mimi nikawa mchuuzi wa mpunga huo huo: nanunua kusini mwa mto, nakoboa Ikwiriri, mchele naupeleka Mbagala. Nikawa navuka daraja mara mbili, tatu kwa wiki, na baada ya muda nikaacha hata kutazama dirishani.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulieleza hasa, nami nalieleza kwa sababu naona linawapata wengi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa anaishi kaskazini, mwendo wa dakika ishirini kwa bodaboda kutoka barabara kuu. Zamani za pantoni tukivuka kwenda kwake tulikaa siku tatu, nne. Ungekwendaje mara moja? Ulikuwa umeshateseka kuvuka, ungekaa uongee, ulime naye kidogo, umsikilize. Baada ya daraja nikawa napita kwake nusu saa, mguu mmoja nje, nikisikiliza kama gari la mzigo limepiga honi. Baadaye nikawa sipiti, napiga simu. Alikuwa ananiambia bila hasira, "Mwanangu, enzi za pantoni nilikuwa nakuchoka." Nilicheka. Sikuelewa kwamba ananiomba.

Akaugua. Miguu ilivimba, akawa hatoki ndani. Nilituma pesa ya dawa kwa simu, mara ya kwanza, mara ya pili. Kila nilipovuka nilijiambia nitapita nikirudi, na nikirudi nilijiambia nitapita nikienda. Katika miezi ile miwili nimehesabu baadaye kwa daftari langu la mizigo: nilivuka mara kumi na nane. Mara kumi na nane niliiona njia ya kwa Shangazi, pale penye mwembe na kituo cha bodaboda, nikiwa juu ya gunia za mchele.

Alifariki siku ya Jumatano. Baba alinipigia saa moja asubuhi, saa tatu nilikuwa nimeshafika. Nilibeba jeneza, nilishuka kaburini, nilipokea mwili kwa mikono yangu. Viatu vyangu vilikuwa havina hata vumbi. Watu walinipa mkono wakasema umejitahidi, umewahi.

Baada ya kuanua tanga nilimkuta baba amekaa nyuma ya nyumba kwenye kinu kilicholazwa. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nikasema ninavyojisikia vibaya kwamba sikufika akiwa hai. Nilitegemea aniambie ni mapenzi ya Mungu. Alikaa kimya, anachora chora ardhini na kijiti, halafu akasema, "Mimi nilizuiwa na maji. Wewe ulizuiwa na nini, baba?"

Aliniita baba, kama anavyoniita siku zote, kwa upole. Sikuwa na jibu. Nilitafuta kweli kitu cha kukitaja, shughuli, mzigo, gari bovu, nikakuta hakuna hata kimoja chenye ukubwa wa mto.

Tangu hapo nina utaratibu, nao si mgumu. Nikivuka kwenda kaskazini, safari moja kati ya tatu nashuka kwenye ule mwembe bila simu ya kutangulia. Baba mdogo bado yupo. Nalala. Mzigo unatangulia na mtu mwingine, na ndiyo, mara mbili nimepata hasara. Nimegundua kwamba wazee hawasemi mambo yao ya kweli mchana ule wa kwanza. Wanakupa maji, wanakuuliza bei ya mchele. Wanayasema usiku, taa imeshazimwa, na kesho yake asubuhi kabla hujafunga mkoba. Pantoni ilikuwa inatupa usiku ule bila sisi kuuomba. Sasa lazima uuombe mwenyewe, uutenge, uupiganie na ratiba yako. Vijana wa kwetu wanaonunua pikipiki nawaambia hilo, wengine wananisikiliza.

Usiku mmoja wa namna hiyo, gizani, baba mdogo ndiye aliyelianzisha mwenyewe. "Lile shuka," alisema, "sikulipandisha. Nilikuwa nalia, nikasahau. Mpaka tumerudi makaburini ndipo nikalikumbuka, nimelishika mkononi."

Kwa hiyo alikuwa yangeyange. Sijamwambia baba.

Aprili 2024 mto ulipanda tena. Muhoro na Chumbi maji yaliingia majumbani, mpunga wa mama na wenzake ulikwenda wote, hawakuvuna hata debe. Daraja lilisimama. Lakini mwanzoni mwa Mei, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara huko mbele, maeneo ya Somanga, na magari ya kusini yakakosa pa kupita. Mengine yakarudi kusubiri upande wetu. Foleni ikarudi, miaka ishirini na moja baada ya ile ya mwisho.

Mama alikuwa na miaka sitini na tano, magoti yanamsumbua. Alisikia honi na watoto wanalia, akaniambia nishushe sufuria darini. Nikaishusha. Bati la mkebe bado lilikuwapo ubavuni, limeshika kutu. Nikaisugua. Akapika wali usiku huo, siku ya kwanza hakutoza mtu.

Kati ya abiria alikuwepo kijana wa Lindi, fundi wa simu, baba yake mzazi amefariki na wanazika kesho. Alikuwa ametembea kwa miguu kuulizia njia, pikipiki, mtumbwi, chochote, akarudi amelowa. Kesho yake adhuhuri alikaa chini ya mkorosho wetu, ndugu zake wakimwonyesha mazishi kwa simu. Picha ilikuwa inaganda. Inatokea sehemu ya jeneza, inaganda, inatokea mchanga, inaganda. Mwishowe mtandao ukakatika kabisa, kioo kikabaki cheupe.

Baba alikuwa amekaa barazani anatazama. Aliinuka, akavua viatu, akaenda mpaka chini ya mkorosho. Akamshika yule kijana begani.

"Simama, mwanangu," akamwambia. "Panga safu, tumsalie mzee. Inafika."